Nyumba za wavuvi, wavuvi hawapo

Kuna sheli moja kaskazini ya Copenhagen ambayo mwenyewe haruhusiwi kuibomoa, kuipaka rangi aitakayo, wala kubandua kigae kimoja bila kibali cha serikali. Iko Skovshoved, kando ya bahari, na aliyeichora ni Arne Jacobsen, msanifu yuleyule ambaye viti vyake vimeenea kwenye maofisi na mahoteli ya dunia nzima. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kampuni ya Texaco: kijumba cha vigae vyeupe, na mbele yake paa la zege la duara lililosimama juu ya nguzo moja. Wenyeji huliita uyoga. Mwaka 2002 sheli hiyo iliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na dola, na mpaka leo inauza mafuta. Kando yake wanauza aisikrimu. Jumapili ya kiangazi foleni ya aisikrimu huwa ndefu kuliko ya mafuta, na magari yaliyoegeshwa pale, niseme tu kwamba hayakununuliwa kwa mkopo wa saccos.

Skovshoved ipo katika manispaa ya Gentofte, ambayo takwimu za mapato zikitoka hutajwa juu kabisa kati ya manispaa tajiri za Denmark. Ukanda wote huu wa pwani, kuanzia Hellerup kwenda Charlottenlund, Skovshoved, Klampenborg na kuendelea kaskazini, Wadenmark wanautania kwa jina la ukanda wa wiski. Barabara yake kuu ni Strandvejen, inayokwenda sambamba na maji, na nyumba zake zinazotazama bahari huuzwa kwa makumi ya mamilioni ya krona. Ukivuka maji hayo upo Uswidi. Siku ya anga safi unaona mpaka majengo mawili ya kijivu ya kinu cha nyuklia cha Barsebäck, kilichozimwa mwaka 2005, yamekaa katikati ya mandhari ambayo watu wamelipia pesa zote hizo kuyatazama. Hilo hunifurahisha kila mara, sijui kwa nini.

Wageni wengi ninaowapokea wakitoka nyumbani wanataka picha: bahari, majumba, baiskeli. Sina neno. Ila mimi nimetembea pwani hii mara nyingi kiasi cha kuanza kuhesabu mambo kwa namna nyingine. Karibu kila kitu ambacho mtaa huu unajivunia, kinachoandikwa kwenye vibao na kulindwa kwa sheria, ama kilitengenezwa na watu wa kipato cha chini, ama kilitengenezwa kwa ajili yao, ama kilipatikana kwa kuwaondoa. Matajiri wa sasa ni watunzaji tu, na kwa haki ya Mungu wanatunza vizuri.

Nianze na ufukwe wa Bellevue, uliopo Klampenborg, mwendo mfupi kutoka kwenye ile sheli. Ulifunguliwa mwaka 1932. Kabla ya hapo, bahari ilikuwepo lakini njia ya kuifikia ilizidi kubanwa na bustani za wenye nyumba. Watu wa Copenhagen waliishi kwenye vyumba vyenye giza nyuma ya majengo, watoto wao wakiugua kifua kikuu, na madaktari wa zama zile walikuwa na dawa mbili za kupendekeza: jua na hewa. Kwa hiyo ikaamuliwa itengenezwe pwani ya umma, na kijana Jacobsen, aliyekuwa amevuka miaka thelathini tu, akapewa kazi. Alichora kila kitu. Minara ya waokoaji yenye mistari ya buluu na nyeupe, vibanda vya vinywaji, vyumba vya kubadilishia nguo, hata tiketi na sare za wafanyakazi. Minara hiyo ipo mpaka leo na ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu chochote pwani hii.

Mwaka 1934 mambo mawili yalitokea. La kwanza, treni ya umeme ya kwanza ya mjini, ambayo sasa wanaiita S-tog, ilianza kazi, na njia yake ya mwanzo kabisa iliishia Klampenborg. Yaani kati ya sehemu zote za kupeleka treni mpya, moja ya ncha za mwanzo iliwekwa mlangoni mwa ufukwe. La pili, Jacobsen alimaliza Bellavista, nyumba za kupanga nyeupe za ghorofa tatu ng'ambo ya barabara, zilizopangwa kwa kurudi nyuma kidogo moja baada ya nyingine ili kila sebule iione bahari. Miaka michache baadaye akaongeza ukumbi wa maigizo ambao paa lake linafunguka, mtazamaji akae chini ya nyota huku mchezo ukiendelea. Alitaka pia mnara mrefu wenye mgahawa unaozunguka juu. Huo haukujengwa, na nadhani wenyeji walishusha pumzi. Mwaka 1938 ikaja sheria iliyompa kila mfanyakazi wa Denmark likizo ya wiki mbili yenye malipo. Hapo picha inakamilika: likizo, treni, mchanga. Umaskini ulikuwepo na ulikuwa mkubwa, lakini mtu aliyebeba matofali wiki nzima alikuwa na mahali pa kulaza mgongo wake mbele ya bahari ileile wanayoitazama mabwana.

Leo nyumba za Bellavista zinakaliwa na watu wenye uwezo. Ufukwe haujabadili mwenyewe, bado ni wa umma. Ukienda mwezi wa Julai utasikia Kiarabu, Kituruki, Kisomali, Kiurdu na, siku nikiwepo na wenzangu, Kiswahili. Treni ya mstari C inawashusha vijana kutoka vitongoji vya magharibi wakiwa na spika zao na mabegi ya barafu, na majirani huandika barua kwenye gazeti la mtaa kulalamika kelele. Mimi nikiona barua hizo nasema kumbe mradi wa mwaka 1932 bado unafanya kazi.

Kuhusu Jacobsen kuna jambo moja ambalo vibao vya ufukweni havilipi nafasi inayostahili. Alikuwa Myahudi. Wajerumani waliivamia Denmark tarehe 9 Aprili 1940, na kwa miaka mitatu waliwaacha Wayahudi wa nchi hiyo bila kuwagusa. Mwishoni mwa Septemba 1943 afisa wa Kijerumani aliyeitwa Georg Ferdinand Duckwitz alivujisha habari kwamba msako unakuja. Habari zikapita kutoka kwa wanasiasa hadi kwenye sinagogi, ambako rabi Marcus Melchior aliwaambia waumini waende wakajifiche. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba Wajerumani walipogonga milango, wengi walikuwa wameshatoka. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 7,000 walivushwa kwenda Uswidi kutoka vijiji na bandari za pwani hii na zaidi yake, kwa boti za wavuvi, kwa mashua, kwa chochote kilichoelea. Takriban 470 walikamatwa na kupelekwa kambi ya Theresienstadt. Jacobsen alivuka kwa mashua ya makasia, yeye na mkewe, pamoja na mbunifu mwenzake Poul Henningsen, yule wa taa maarufu. Mtu aliyekuwa ameuchorea mji uso wake wa baharini alilazimika kuuvuka uso huohuo usiku kwa makasia, akiomba doria isimwone.

Wavuvi waliowavusha watu wamekuwa mashujaa, na ni haki yao. Lakini walilipwa. Wastani unaotajwa na wanahistoria ni krona 1,000 hivi kwa kichwa, pesa nzito kwa mfanyakazi wa wakati ule, na wako waliodai zaidi sana. Michango ilikusanywa kuwalipia wasio nacho. Kuna watu wanaona ukweli huu unaharibu hadithi. Mimi naona unaiweka sawa. Mvuvi yule alikuwa na boti moja, ndiyo shamba lake na ndiyo bima ya watoto wake, na akikamatwa ingechukuliwa. Ukimwambia aihatarishe bure unamtaka awe malaika, na malaika hawahitaji nyavu.

Jacobsen alirudi vita vilipoisha. Miaka michache baadaye alijenga nyumba za Søholm, mita chache kutoka Bellavista, safari hii za matofali ya manjano na mapaa yaliyoinama kila moja kivyake, akahamia humo mwenyewe na kuishi na bustani yake hadi alipofariki mwaka 1971.

Sasa turudi kijijini, maana Skovshoved yenyewe ilikuwa kijiji cha uvuvi kabla sheli, ufukwe na likizo havijafikiriwa. Ukiiacha barabara ya pwani na kuingia ndani unakuta vichochoro ambavyo gari mbili hazipishani, nyumba fupi zilizopakwa chokaa ya manjano, vigae vyekundu juu, maua ya waridi yakipanda ukutani. Kuna sababu kijiji hiki kilipona. Magari yalipoongezeka, badala ya kubomoa nyumba ili Strandvejen ipanuliwe, walijaza ufuo kwa kifusi na kujenga barabara mpya, Kystvejen, upande wa nje kuelekea majini. Ile sheli ya uyoga ipo kwenye barabara hiyo mpya. Kijiji kikabaki nyuma yake kama kilivyokuwa, ila bahari, ambayo zamani ilikuwa mlangoni, sasa iko ng'ambo ya lami.

Mama alipokuja kunitembelea nilimleta huku kwa makusudi. Yeye ni mtu wa Pangani, na alikuwa ameshachoka na makumbusho. Akatembea polepole kwenye vichochoro vile, akagusa ukuta, akachungulia bandarini ambako milingoti ya mashua za starehe imesimama mamia kwa mamia, kila moja na turubai lake safi.

"Hivi mwanangu, wenyewe wanakaa wapi?"

"Wenyewe wepi, Mama?"

"Wavuvi. Si umesema nyumba zao hizi?"

Nikamwambia wavuvi hawapo. Akaniangalia kama nimemficha kitu. Kwake yeye nyumba ya mvuvi isiyonuka samaki wala kuanikiwa wavu ilikuwa na walakini, na hapo alikuwa bado hajauliza bei.

Wavuvi wa Skovshoved walikuwa wanavua heringi, mikunga, gayogayo na samaki wengine wa Øresund, mlango bahari ulio kati ya Denmark na Uswidi. Kuvua ilikuwa kazi ya wanaume. Kuuza ilikuwa kazi ya wake zao, na humo ndimo hadithi ya kijiji hiki inaponoga. Wanawake wa Skovshoved walibeba samaki kwa matenga mgongoni na kutembea karibu kilomita kumi kwenda Copenhagen, kwenye soko la Gammel Strand, kando ya mfereji, mbele kabisa ya jumba la Christiansborg ambalo leo ni bunge. Walivaa sketi nzito juu ya sketi na kitambaa cheupe kichwani, na walijulikana mji mzima kwa midomo yao. Mteja akidharau samaki aliambiwa habari zake na za ukoo wake. Kwa kuwa wao ndio waliopokea fedha, wao ndio walioshika mkoba wa nyumba. Mwanaume alirudi na samaki, mwanamke alirudi na pesa, na kila mtu anayejua biashara ya samaki anajua nani kati ya hao wawili ana sauti.

Mama aliposikia hivyo alicheka. Mama yake mdogo aliuza samaki maisha yake yote.

Pale Gammel Strand ipo sanamu ya jiwe ya mwanamke huyo, iliyochongwa na Charles Svejstrup Madsen na kusimamishwa mwaka 1940. Amesimama imara, sura haina utani. Watalii wanapanda boti za kuzungushwa mjini palepale alipokuwa akimwaga samaki. Ni sanamu nzuri, na ilikuja wakati biashara yenyewe imeshaanza kufifia. Ndivyo mambo haya yalivyo karibu kila mahali: mchuuzi akiwa hai anafukuzwa na mgambo, akishaondoka anachongwa.

Kilichowaondoa hakikuwa kitu kimoja, na hakuna mtu aliyekuja na tingatinga. Karne ya 19 Copenhagen ilikuwa bado imebanwa ndani ya maboma yake, ikinuka, na mwaka 1853 kipindupindu kiliua maelfu. Wenye uwezo walianza kukimbilia pwani wakati wa joto. Klampenborg tayari ilikuwa na kituo cha tiba ya maji tangu miaka ya 1840. Reli ilifika mwaka 1863. Familia za wavuvi zikagundua kwamba mgeni wa kiangazi analipa vizuri kuliko heringi, kwa hiyo wakampangishia sebule na vyumba, wao wenyewe wakahamia jikoni au bandani mpaka baridi irudi. Mgeni akazoea. Mwanawe akataka kununua. Boti za injini zikahitaji mtaji, samaki wakapungua, vijana wakapata kazi mjini. Kila aliyeuza aliuza kwa hiari na kwa bei iliyomfurahisha, na kila mauzo yaliongeza bei ya jirani hadi mtoto wa mvuvi hakuweza tena kununua nyumba aliyozaliwa. Sijui kama kuna mtu wa kulaumu hapo. Lakini matokeo yanaonekana kwa macho.

Na nyumba zikishakuwa za wenye pesa, zikaanza kulindwa. Denmark ina ngazi mbili za ulinzi. Juu kabisa ni majengo kama ile sheli, yanayolindwa na dola ndani na nje. Chini yake ni majengo ambayo manispaa imeyapima thamani kwa namba kuanzia 1 hadi 9, 1 ikiwa ya juu, na yale yenye thamani kubwa hayabomolewi wala kubadilishwa sura ovyo. Kwenye vijiji vya aina hii unaambiwa dirisha liwe la mbao, kigae kiwe cha udongo, rangi iwe katika zile zilizozoeleka. Matokeo yake ni mazuri mno kwa macho. Pia ni ghali, na ughali huo ni uzio wa pili. Mvuvi wa mwaka 1880 aliyeziba dirisha kwa ubao aliookota ufuoni leo angeandikiwa barua na manispaa.

Mashariki ya Afrika tunapenda kusema wenzetu wanajua kutunza urithi, na ni kweli, wanajua. Nina swali tu kuhusu kile tunachokiita urithi. Ukuta umebaki, rangi imebaki, kichochoro kimebaki. Ujuzi wa kusuka wavu, wa kusoma mkondo wa Øresund, wa kumtukana mteja mpaka anunue, huo haukuwa na fomu ya maombi.

Kuna majumba mengine pwani hii ambayo hayakuanza kwa samaki. Kule Hellerup ipo Øregaard, jumba jeupe katikati ya bustani, lililojengwa kati ya 1806 na 1808 kwa mchoro wa Mfaransa Joseph-Jacques Ramée. Sasa ni jumba la makumbusho la manispaa, watu wanakwenda kutazama picha na kunywa kahawa. Aliyelijenga ni Johannes Søbøtker, mfanyabiashara aliyezaliwa St. Croix, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Denmark. Utajiri wa familia yake ulitoka kwenye mashamba ya miwa, na miwa ililimwa na Waafrika waliotumikishwa. Denmark hupenda kukumbuka kwamba ilitunga sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ya Atlantiki mwaka 1792, mapema kuliko wengine. Sheria hiyo ilianza kutumika 1803, ili wenye mashamba wapate miaka ya kujaza akiba. Utumwa wenyewe uliendelea hadi tarehe 3 Julai 1848, pale watumwa wa St. Croix walipokusanyika kwa maelfu na gavana Peter von Scholten akatangaza uhuru. Mwaka 1917 visiwa vikauzwa kwa Marekani kwa dola milioni 25. Watu waliokuwa wakiishi humo hawakupewa kura rasmi.

Mimi nimesimama mbele ya Øregaard nikiwa na watoto wa rafiki yangu wanaotaka kulisha bata, na nikasita kama niwaambie. Nikawaambia. Wakauliza kama bata nao ni wa zamani hizo.

Ndani ya makumbusho siku hizi historia hiyo inazungumzwa, tofauti na zamani. Hata hivyo linganisha: mchuuzi wa samaki wa Skovshoved amepata sanamu ya jiwe sokoni. Waliolima miwa iliyojenga majumba ya mashambani yaliyoenea kaskazini ya mji walisubiri mpaka 2018, ambapo wasanii wawili, Jeannette Ehlers wa Denmark na La Vaughn Belle wa visiwani, walisimamisha mjini Copenhagen sanamu kubwa ya mwanamke mweusi aliyekaa kitini, kwa kumbukumbu ya Mary Thomas, mmoja wa viongozi wa uasi wa vibarua wa St. Croix wa mwaka 1878.

Kuhusu Hvidøre sitakawia. Ni jumba lililopo karibu na Bellevue, lililonunuliwa mwaka 1906 na dada wawili wa kifalme wa Denmark, Alexandra aliyekuwa malkia wa Uingereza na Dagmar aliyekuwa ameolewa na mfalme wa Urusi. Mapinduzi yalipomfagia Dagmar kutoka Urusi, alikuja kuishi hapa na kufia hapa mwaka 1928. Inavutia kwa wapenda falme. Mimi kinachonivutia ni kilichofuata: kampuni ya dawa ya Novo ililigeuza kuwa hospitali ya wagonjwa wa kisukari. Chumba cha malkia kikawa wodi.

Nyuma ya Klampenborg unaanza msitu wa Dyrehaven, na hapo ndipo ninapopenda kumalizia matembezi. Ni bustani ya wanyama ya kifalme, yenye kulungu wapatao 2,000 wanaotembea bila woga kati ya watu. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na misitu mingine ya kaskazini, kwa sababu ya njia zake zilizonyooka na kukutana kama nyota, zilizochorwa kwa ajili ya aina moja ya uwindaji. Mfalme Christian V aliuona uwindaji huo Ufaransa kwa Louis XIV: mbwa na farasi wanamfukuza kulungu mmoja kwa saa nyingi mpaka anaishiwa nguvu, kisha mfalme anashuka kummaliza. Haikuwa kwa ajili ya nyama. Ilikuwa maonyesho ya nani mkubwa. Mwaka 1698 kulungu mmoja aliyedhaniwa amekwisha alimjeruhi mfalme huyohuyo, na mwaka uliofuata mfalme akafa.

Ili msitu upate ukubwa alioutaka, kijiji cha Stokkerup kiliondolewa. Karne ya 17, wakulima wakahamishwa, mashamba yakawa malisho ya kulungu. Ukijua pa kutazama, mabwawa ya kijiji bado yanaonekana katikati ya nyasi. Watu wa Loliondo na Ngorongoro hawahitaji kufafanuliwa aya hii.

Hata hivyo msitu huo leo hauna kiingilio. Mfalme Frederik V alifungua milango kwa umma mwaka 1756, na haijafungwa tena. Ndani yake iko Bakken, bustani ya michezo ambayo chimbuko lake ni chemchemi inayosemwa iligunduliwa na Kirsten Piil mwaka 1583, na inahesabiwa kuwa kongwe kuliko zote duniani. Kuingia nako ni bure, unalipia bembea tu.

Na hapa ndipo ninapoiheshimu pwani hii kwa dhati. Nyumba zimepanda bei mpaka mbinguni, lakini maji hayakuuzwa. Sheria ya Denmark ya kulinda mazingira inampa kila mtu, raia au mgeni, haki ya kutembea kwa miguu ufukweni, kupumzika na kuoga, hata kama ufukwe ni mali ya mtu. Mbele ya nyumba ya mtu unaruhusiwa kupita, ila usitandike mkeka ndani ya mita 50 kutoka makazi yake. Milionea anaweza kununa dirishani, basi. Tanzania nasi tuna sheria nzuri, ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Nenda kapime mwenyewe kuanzia Msasani uone kuta zimesimama wapi.

Kwa hiyo ukija Copenhagen, usikodi mtu wa kukutembeza. Panda mstari C mpaka Klampenborg, safari ya dakika ishirini na ushee. Ukishuka, bahari iko upande mmoja na lango jekundu la msitu upande mwingine. Anza na msitu asubuhi, kulungu wakiwa bado karibu. Kisha shuka Bellevue, uoge kama ni Julai au utazame tu kama ni miezi mingine, maana wapo wanaooga hata Januari na siwashauri muwaige. Fuata maji kuelekea kusini mpaka Skovshoved, ule aisikrimu chini ya uyoga, uingie vichochoroni. Ukiwa na nguvu endelea hadi Charlottenlund, kwenye ngome ya bahari iliyojengwa miaka ya 1880 ambayo mizinga yake bado imeelekezwa majini. Ndani ya ngome hiyo kuna uwanja wa kupiga mahema, mita chache kutoka Strandvejen, na mtu yeyote mwenye hema na hela ya usiku mmoja anaweza kulala pale. Kwa mwezi wa Julai weka nafasi mapema, na beba sweta.